Vyama vya viongozi katika Baraza la Ulaya: lini vina nguvu na lini havina

#1 Mleta uzi

Wanajamvi, salaam.

Kila baada ya uchaguzi katika nchi mojawapo ya Umoja wa Ulaya, hapa jamvini hubandikwa ramani iliyopakwa rangi: buluu kwa wahafidhina, nyekundu kwa Wasoshalisti, njano kwa Waliberali. Chini yake mtu huandika kwamba Ulaya imehamia kulia au imerudi kushoto, na kwamba maamuzi ya Brussels sasa yatafuata rangi iliyotawala ramani. Ninafungua uzi huu kwa sababu ninaamini usomaji huo unatupotosha, na unawapotosha zaidi vijana wetu wanaosoma siasa za kimataifa na ambao hawana muda wa kufuatilia mikutano yenyewe. Hoja yangu ni kwamba chama cha kiongozi kina nguvu kubwa siku vyeo vinapogawanywa, lakini nguvu hiyo hupungua sana, na mara nyingine hutoweka kabisa, siku fedha na mipaka vinapojadiliwa.

Chombo ninachokizungumzia ni Baraza la Ulaya, yaani mkutano wa wakuu wa nchi au serikali 27 za Umoja wa Ulaya, pamoja na rais wa Baraza lenyewe na rais wa Kamisheni ya Ulaya, chombo cha utendaji cha Umoja, ambao wawili hao hawapigi kura. Lisichanganywe na baraza la mawaziri wa Umoja huo, wala na lile la Strasbourg lenye nchi wanachama 46, ambalo linashughulikia haki za binadamu na halimo kabisa ndani ya Umoja wa Ulaya. Viongozi walianza kukutana kwa utaratibu huu mwezi Machi 1975 huko Dublin, lakini mkutano wao ulipata hadhi kamili ya taasisi kwa Mkataba wa Lisbon, ulioanza kutumika tarehe 1 Desemba 2009.

Hakuna kifungu chochote cha mikataba kinachompa kiongozi nafasi mezani kwa sababu ya chama chake. Pedro Sánchez anaingia ukumbini kama Waziri Mkuu wa Hispania, na Giorgia Meloni kama Waziri Mkuu wa Italia, basi. Hata hivyo, kila mmoja ana chama nyumbani, na vyama vingi vya kitaifa vimejiunga katika vyama vya Ulaya nzima. Kikubwa kuliko vyote ni Chama cha Watu wa Ulaya, maarufu kwa kifupi EPP, kilichoundwa 1976, ambacho kinakusanya vyama vya mrengo wa kati kulia kama CDU cha Ujerumani na Demokrasia Mpya cha Ugiriki. Wapo Wasoshalisti, wenye SPD cha Ujerumani, PSOE cha Hispania na Social Democrats wa Denmark. Wapo Waliberali, ambao katika Bunge la Ulaya wanaketi kundi moja na chama cha Rais Emmanuel Macron wa Ufaransa. Kulia zaidi wapo Wahafidhina na Wanamageuzi, ambako ndiko kwa Meloni, na tangu 2024 kundi la Wazalendo, ambako ndiko kwa Fidesz cha Viktor Orbán wa Hungary. Saa chache kabla ya mkutano wa kilele, viongozi wa kambi kubwa hukutana kila kambi peke yake, kisha huenda mezani wakiwa wamekwishaambizana.

Mtu akitaka kuona vyama vikifanya kazi waziwazi, autazame usiku wa tarehe 27 Juni 2024. Uchaguzi wa Bunge la Ulaya ulikuwa umemalizika wiki chache kabla, EPP ikiwa na viti 188 kati ya 720 na Wasoshalisti 136. Kazi ya kupanga vyeo vya juu ilikabidhiwa watu sita, wawili kwa kila kambi: Donald Tusk wa Poland na Kyriakos Mitsotakis wa Ugiriki kwa niaba ya EPP, Olaf Scholz wa Ujerumani na Sánchez kwa Wasoshalisti, Macron na Mark Rutte wa Uholanzi kwa Waliberali. Kila kambi ilitoka na chake. Ursula von der Leyen wa EPP alipendekezwa kuendelea kuongoza Kamisheni, António Costa, Msoshalisti wa Ureno, alichaguliwa kuwa rais wa Baraza, na Kaja Kallas, Mliberali wa Estonia, akapewa mambo ya nje.

Kwa nini mgawanyo ulilazimika kuwa hivyo? Kwa sababu uteuzi huu huhitaji kura za nchi zisizopungua 20 kati ya 27, na nchi hizo ziwe na asilimia 65 ya watu wote wa Umoja. Hakuna kambi yenye viti 20, kwa hiyo kila kambi inahitaji nyingine, na chama kinakuwa ndicho kipimo cha kugawia.

Meloni, anayeongoza nchi ya tatu kwa idadi ya watu katika Umoja, hakuwamo kati ya wale sita. Alipofika mezani hakuunga mkono wala kupinga jina la von der Leyen, kisha akapiga kura ya hapana kwa Costa na kwa Kallas. Orbán alimkataa von der Leyen, hakuchukua upande kwa Kallas, na akamkubali Costa. Ninawaomba wadau wautafakari mfano huo wa pili, kwa maana kiongozi wa mrengo wa kulia kabisa alimkataa mhafidhina na akampa kura Msoshalisti. Ramani ya rangi haiwezi kulieleza hilo.

#2 Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta uzi, nakushukuru kwa kuanza na misingi. Hata hivyo naomba nitofautiane nawe, kwa sababu nadhani unapunguza mno uzito wa vyama unapouweka kwenye vyeo peke yake.

Chukua mkasa wa David Cameron, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza wakati nchi hiyo ingali ndani ya Umoja. Alipokuwa akiwania uongozi wa chama chake 2005, aliahidi kwamba Wahafidhina wa Uingereza wataondoka katika kundi la EPP bungeni, na mwaka 2009 wakaondoka kweli na kuanzisha kundi lao. Wakati ule wengi waliliona jambo hilo kuwa dogo, la wabunge na ofisi zao. Desemba 2011, katikati ya mgogoro wa sarafu ya euro, EPP ilifanya mkutano wake mkuu Marseille tarehe 7 na 8, na humo walikuwemo Angela Merkel wa Ujerumani na Nicolas Sarkozy wa Ufaransa pamoja na viongozi wengine wa kambi yao. Cameron hakuwa na mwaliko, kwa sababu hakuwa mwanachama. Usiku huohuo wa tarehe 8 mkutano wa kilele ukaanza Brussels, na alfajiri ya tarehe 9 Cameron akajikuta anazuia mabadiliko ya mkataba akiwa hana mwenzake wa kumtetea. Nchi nyingine zikaendelea na mkataba wao pembeni.

Hapo hapakuwa na cheo kilichogawanywa. Lilikuwa suala la fedha, tena fedha kubwa. Aliyekosa kikao cha chama alikosa mahali ambapo misimamo hulainishwa kabla haijawa kura. Ninaamini kwa dhati kwamba ukosefu huo, ukirudiwa mkutano baada ya mkutano kwa miaka, ulichangia kuiweka Uingereza pembeni kabla ya kura ya maoni ya 2016 ya kujitoa katika Umoja.

Tena yakatokea ya 2014. Jean-Claude Juncker alikuwa mgombea wa EPP wa urais wa Kamisheni, na kambi yake ilikuwa imejifunga kumuunga mkono. Cameron alimpinga kwa nguvu zote, akalazimisha kura ipigwe mezani tarehe 27 Juni, akashindwa kwa kura 26 dhidi ya 2. Angekuwa ndani ya kambi, angempinga Juncker mapema, wakati mgombea anatafutwa, na huenda jina hilo lisingefika mezani.

#3 Mleta uzi

Mkuu, mfano wa Marseille ni mzito, na nakubaliana nawe kwamba vikao vya kambi vina faida hata pale ambapo hakuna vyeo. Lakini tuendelee kidogo na ule wa 2014, kwa sababu hukuwataja wote wawili. Kura ya pili ya hapana dhidi ya Juncker ilipigwa na Orbán, na wakati huo Orbán alikuwa mwanachama kamili wa EPP, akihudhuria vikao vyote ambavyo Cameron hakualikwa. Kwa hiyo kukaa ndani ya kambi kulimpa nafasi ya kusikilizwa, lakini hakukumfunga.

Sasa nije kwenye fedha, kwa sababu hapo ndipo ninapoona ushahidi ulio wazi kuliko wote. Kuanzia tarehe 17 hadi 21 Julai 2020, viongozi walikaa Brussels siku nne mchana na usiku wakijadili bajeti ya miaka saba ya euro bilioni 1,074 pamoja na mfuko wa kufufua uchumi baada ya janga la korona wa euro bilioni 750. Ugomvi ulikuwa juu ya kiasi gani kitolewe bure na kiasi gani kiwe mkopo. Waliobana walikuja kuitwa nchi nne za ubahili: Uholanzi chini ya Rutte, ambaye ni Mliberali, Austria chini ya Sebastian Kurz, ambaye ni wa EPP, Denmark chini ya Mette Frederiksen na Sweden chini ya Stefan Löfven, ambao wote wawili ni Wasoshalisti. Waliotaka fedha zaidi zitolewe bure walikuwa Sánchez wa Hispania na Costa wa Ureno, Wasoshalisti wenzao Frederiksen na Löfven. Mitsotakis wa Ugiriki, mwenzake Kurz. Na Giuseppe Conte wa Italia, ambaye hakuwa na chama. Macron, wa kambi moja na Rutte, alikuwa upande wa pili kabisa na Rutte. Mwishowe ilikubaliwa bilioni 390 zitolewe bure na 360 ziwe mkopo.

Mtu akichukua orodha ya vyama vya viongozi hao na kujaribu kukisia nani atakuwa na nani usiku ule, atakosea karibu kila jina. Akichukua orodha ya nchi zinazochangia bajeti kuliko zinavyopokea, na nchi zilizokuwa na madeni makubwa na zilizoumizwa zaidi na ugonjwa, atapata karibu kila jina. Serikali hulipwa na walipa kodi wake, na walipa kodi wa Denmark hawakumtuma Frederiksen akatetee usoshalisti wa Hispania.

Mipaka na uhamiaji ni vivyo hivyo. Mei 2025 Denmark na Italia, yaani Msoshalisti Frederiksen na Meloni wa kulia, ziliongoza barua ya nchi tisa iliyotaka mjadala kuhusu namna Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu inavyotafsiri mkataba wake katika kesi za uhamiaji. Mmoja wa waliotia saini alikuwa Tusk, ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa mjumbe wa EPP katika lile kundi la watu sita lililogawana vyeo bila kumshirikisha Meloni.

Na hata katika vyeo, ambako ninasema chama kinatawala, utaifa na chama vinaweza kugongana kwa namna ya kushangaza. Machi 2017 Tusk alikuwa anaomba muhula wa pili wa urais wa Baraza. Serikali ya nchi yake mwenyewe, chini ya Beata Szydło wa chama cha PiS, ilimpinga na kumleta mgombea mwingine, kwa sababu Tusk na PiS ni mahasimu wa nyumbani. Tusk alishinda kwa kura 27 dhidi ya 1, na hiyo 1 ilikuwa ya Poland. Linganisha na Costa 2024. Ureno ilikuwa imeshabadilisha serikali miezi michache kabla, na waziri mkuu mpya, Luís Montenegro, alikuwa wa EPP, mpinzani wa Costa katika siasa za nyumbani. Montenegro alimuunga mkono Costa hadharani. Nafasi ileile, mazingira yanayofanana, nchi mbili, majibu mawili. Ninachojifunza hapo ni kwamba uadui wa vyama ndani ya nchi una nguvu zaidi kuliko undugu wa vyama nje ya nchi, na kila nchi ina kiwango chake cha uadui.

#4 Mchangiaji wa pili

Wadau, mimi naishi Ubelgiji, na ningependa kuongeza jambo ambalo huku tunaliona kila siku ila kwenye ramani halionekani, nalo ni serikali za mseto.

Waziri Mkuu wetu tangu Februari 2025 ni Bart De Wever wa N-VA, chama cha wazalendo wa Flanders, eneo la Ubelgiji linalozungumza Kiholanzi. Wabunge wake katika Bunge la Ulaya wanaketi kundi moja na chama cha Meloni, kwa hiyo watengenezaji wa ramani humpaka rangi ya Wahafidhina na Wanamageuzi. Lakini serikali yake ina vyama vitano, vikiwemo Waliberali wa MR, Wakristo wa CD&V na Wasoshalisti wa Vooruit. Anapokwenda kwenye mkutano wa kilele, ambao kwake ni safari ya mtaa wa pili tu, hachukui msimamo wa chama chake bila kuangalia makubaliano ya serikali. Rangi ni moja, lakini sauti imepikwa na watano.

Mfano mkubwa zaidi ni Merkel 2019. Von der Leyen alikuwa waziri wake wa ulinzi, mwanachama wa CDU kama yeye mwenyewe, na ilikuwa ni zaidi ya nusu karne tangu Mjerumani aongoze Kamisheni. Viongozi wengine wote walimuunga mkono tarehe 2 Julai 2019. Aliyejizuia kupiga kura ni Merkel, kwa sababu mshirika wake serikalini, SPD, alikataa jina hilo. Hebu fikirini: mtu wa kambi yake, nchi yake na baraza lake la mawaziri, na bado hakuweza kuinua mkono.

Majina ya vyama nayo yanawakwaza wengi. Chama cha Montenegro kinaitwa Social Democratic, lakini kimo katika EPP tangu 1996, na kabla ya hapo kilikuwa kwa Waliberali. Chama cha National Liberal cha Romania nacho ni EPP. Anayepanga viongozi kwa kusoma jina la chama tu atawaweka hao wawili pasipo pao.

#5 Mleta uzi

Ndugu yangu wa Ubelgiji, umenigusia jambo ambalo nilitaka kulifikia, yaani kwamba hata kuhesabu kwenyewe ni kazi ngumu, kabla hatujafika kwenye kutafsiri hesabu.

Kwanza lazima ujue ni nani anayekwenda. Nchi nyingi hupeleka waziri mkuu, lakini Ufaransa, Cyprus, Romania na Lithuania hupeleka rais. Katiba ya Romania hairuhusu rais awe mwanachama wa chama akiwa madarakani. Hata hivyo Klaus Iohannis, aliyetoka National Liberal, alihesabiwa upande wa EPP muda wote. Gitanas Nausėda wa Lithuania alichaguliwa bila chama. Ukiwaweka hawa kwenye kambi, umeamua wewe, na mwenzako anaweza kuamua vingine.

Zimekuwepo hata ghasia za nani akae kwenye kiti. Oktoba 2008 Rais Lech Kaczyński wa Poland alitaka kuhudhuria mkutano wa Brussels, na serikali ya Tusk ikamnyima ndege ya serikali. Alikodi ndege akaenda, na kwa hiyo nchi moja ikawa na wawakilishi wa vyama viwili hasimu ndani ya jengo moja. Mahakama ya Katiba ya Poland iliamua mwaka uliofuata kwamba msimamo wa nchi huwasilishwa na serikali. Finland, kwa utulivu mkubwa zaidi, ilikuwa kwa miaka mingi ikiwapeleka wote wawili, Rais Tarja Halonen aliyetokea kwa Wasoshalisti na Waziri Mkuu Matti Vanhanen wa Waliberali. Ungeipaka Finland rangi gani mwaka 2008?

Pili, hesabu inaweza kubadilika bila mwananchi yeyote kupiga kura. Ireland inanivutia sana katika hili. Fianna Fáil na Fine Gael, vyama viwili vilivyozaliwa katika mpasuko wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1922 na 1923, viliamua baada ya uchaguzi wa 2020 kutawala pamoja na kupokezana uwaziri mkuu. Tarehe 17 Desemba 2022 Micheál Martin wa Fianna Fáil, ambaye ni Mliberali kwa hesabu za Ulaya, alimwachia kiti Leo Varadkar wa Fine Gael, ambacho ni EPP. Siku hiyo Waliberali walipungukiwa kiti kimoja Brussels na EPP ikaongeza kimoja. Sera ya Ireland haikubadilika, kwa kuwa mawaziri walikuwa wa serikali ileile na makubaliano yaleyale. Januari 2025 Martin akarudi, na ramani ikageuka tena.

Uholanzi nayo, Rutte alipoondoka Julai 2024 baada ya karibu miaka 14, nafasi yake ilichukuliwa na Dick Schoof, mtumishi wa umma asiye na chama, aliyeongoza serikali ambayo mshirika wake mkubwa alikuwa chama cha Geert Wilders cha mrengo mkali wa kulia. Alikaa mezani bila rangi, huku nyuma yake kuna rangi nne zinazovutana.

#6 Mchangiaji wa tatu

Hongera kwa uzi. Mimi ni Mkenya, na ninasoma haya nikifikiria Jumuiya ya Afrika Mashariki. Je, inawezekana siku moja Mkutano wa Wakuu wa Nchi wa Jumuiya yetu ukawa na kambi za vyama za namna hii, au mazingira hayaruhusu kabisa?

#7 Mleta uzi

Mkuu, kwa muundo wa sasa sioni mahali ambapo kambi zingepata kazi ya kufanya. Mkataba wa Jumuiya unasema wakuu wa nchi huamua kwa maafikiano, si kwa kura, na pasipo kura za kuhesabu hakuna haja ya kutafuta 20 kati ya 27. Wabunge wa Bunge la Afrika Mashariki, tisa kwa kila nchi, huchaguliwa na mabunge ya kitaifa, si na wananchi moja kwa moja. Ibara ya 50 inataka uteuzi huo uakisi vyama vilivyomo katika bunge la nchi husika, na nchi yako inaukumbuka vizuri mgogoro wa mwishoni mwa 2006, pale Mahakama ya Afrika Mashariki ilipozuia wabunge wa Kenya wasiapishwe kwa sababu ya namna walivyopatikana. Lakini chama kinachoakisiwa hapo ni cha nchini, hakivuki mpaka. Kambi za Ulaya zilijengwa kuelekea uchaguzi wa kwanza wa moja kwa moja wa Bunge la Ulaya, uliofanyika 1979, na EPP yenyewe iliundwa miaka mitatu kabla. Kura ya wananchi ndiyo iliyovifanya vyama vitafutane.

#8 Mchangiaji wa kwanza

Mleta uzi, nimekusoma vizuri na nimelegeza sehemu ya hoja yangu kuhusu fedha. Lakini bado sijaona ukigusa upande mmoja: kambi hizi huwalinda watu wao. Fidesz kiliendelea kuwa ndani ya EPP kwa miaka mingi huku Hungary ikilaumiwa kuhusu mahakama na vyombo vya habari. Je, hiyo si nguvu ya chama katika jambo lisilo la vyeo?

#9 Mleta uzi

Ni kweli, na ni doa kubwa ambalo EPP haina budi kulibeba. Orbán alirudi madarakani 2010, na EPP haikumsimamisha mpaka tarehe 20 Machi 2019, kwa kura 190 dhidi ya 3. Fidesz chenyewe kilijiondoa Machi 2021. Wabunge kumi na kadhaa wa Fidesz walikuwa na thamani kwa kundi lililotaka kubaki kubwa kuliko yote bungeni, na thamani hiyo ilinunua muda. Ninaliona jambo hili kuwa baya, kwa sababu waliolipa gharama ya muda huo ni majaji na waandishi wa habari wa Hungary, ambao hawakuwa na kiti katika kikao chochote cha kambi.

Ila angalia kilichomlinda ndani ya Baraza lenyewe. Bunge la Ulaya lilianzisha utaratibu wa Ibara ya 7, yaani wa kuichukulia hatua nchi inayokiuka misingi ya Umoja, dhidi ya Hungary tarehe 12 Septemba 2018. Hatua ya kuthibitisha ukiukaji mkubwa inahitaji wakuu wote wa nchi nyingine wakubaliane, na mtu aliyekuwa tayari kukataa alikuwa waziri mkuu wa Poland wa chama cha PiS, kambi tofauti kabisa na EPP, ambaye naye alikuwa na kesi ya namna hiyo na alitarajia fadhila irudishwe. Ngao ya mwisho ilikuwa mapatano ya nchi mbili, yaliyovuka kambi.

Wasoshalisti nao wana lao. Smer cha Robert Fico wa Slovakia kilisimamishwa 2006 kwa kuungana na chama cha wazalendo wakali, kikarudishwa 2008, kikasimamishwa tena Oktoba 2023 kwa sababu kama ileile, na kikafukuzwa Oktoba 2025. Katika adhabu zote hizo kiti cha Fico mezani hakikutikisika hata kidogo, kwa kuwa kilitoka kwa wapiga kura wa Slovakia. Na Andrej Babiš wa Jamhuri ya Czech alikaa mezani kuanzia 2017 hadi 2021 akihesabiwa Mliberali. Juni 2024 akawa mmoja wa waanzilishi wa Wazalendo pamoja na Orbán. Na baada ya kushinda uchaguzi wa Oktoba 2025 alirudi kwenye meza ileile kwa rangi nyingine.

#10 Mchangiaji wa pili

Swali langu la mwisho kwako, mkuu. Ukitaka kuijaribu hoja yako, utaangalia wapi?

#11 Mleta uzi

Nitaangalia mwezi Mei 2027. Muhula wa rais wa Baraza ni miaka miwili na nusu, na unaweza kurudiwa mara moja tu. Costa alianza tarehe 1 Desemba 2024, kwa hiyo muhula wake wa kwanza unaisha tarehe 31 Mei 2027. Wakati wa mazungumzo ya Juni 2024 wapo waliotaka kiti hicho kigawanywe nusu kwa nusu kati ya Wasoshalisti na EPP, na wazo hilo linaweza kufufuliwa. Herman Van Rompuy, Tusk na Charles Michel wote walipewa muhula wa pili, wakiwemo wawili wa EPP, kwa hiyo mazoea yako upande wa Costa. Hesabu ya rangi haiko upande wake, kwa sababu Wasoshalisti wamepoteza Ujerumani tangu Friedrich Merz wa CDU alipochukua nafasi ya Scholz Mei 2025, na Ujerumani peke yake ni karibu moja ya tano ya watu wote wa Umoja.

Majira hayohayo Ufaransa itakuwa inapata rais mpya, kwa kuwa Macron haruhusiwi kugombea muhula wa tatu mfululizo, na atakayeingia Élysée, yaani ikulu ya Ufaransa, huenda akawa na wiki chache tu mezani kabla ya uamuzi. Uchaguzi wa Hispania, Italia na Poland nao unatarajiwa ndani ya mwaka huo. Kama viongozi wa EPP watamnyima Costa muhula wa pili kwa sababu tu wamekuwa wengi, nitakubali kwamba nguvu ya kambi imezidi nilivyoeleza hapa. Kama watampa, nitataka kujua Merz na Tusk watakuwa wamedai nini badala yake, na kama madai hayo yatakuwa ya cheo kingine au ya bajeti ya miaka saba inayoanza 2028, ambayo mazungumzo yake yatakuwa yanaendelea kwenye meza hiyohiyo.